Ndege Ikisharuka, Hukumu ya Nini?

Shilingi laki mbili. Za Kenya, siyo hizi zetu. Hiyo ndiyo faini aliyopigwa Fred Matiang'i, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani wa Kenya, tarehe 29 Machi 2018, kwa kosa la kudharau mahakama. Wenzake wawili, Inspekta Jenerali wa Polisi Joseph Boinnet na mkuu wa Uhamiaji Gordon Kihalangwa, walikula kiasi hicho hicho. Jaji George Odunga akaagiza zikatwe kwenye mishahara yao.

Walifanya nini? Waliamriwa wamwachie mwanasheria Miguna Miguna, aliyekuwa amekwama uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na wamfikishe mahakamani. Hawakumwachia na hawakumfikisha. Akapakiwa kwenye ndege ya Dubai.

Wapo waliopiga makofi siku ile. Jaji kawakomesha! Mimi nina swali la kitoto tu, ndugu msomaji: hizo laki mbili zilimrudisha Miguna Nairobi? Hapana. Alikanyaga tena ardhi ya Kenya tarehe 20 Oktoba 2022, baada ya uchaguzi kuleta rais mwingine, William Ruto, na serikali mpya kuamua kumfungulia mlango. Miaka minne na nusu. Katikati hapo Jaji Chacha Mwita alishasema, Desemba 2018, kwamba haki za Miguna zilivunjwa, na akaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 7. Januari 2020 akajaribu kurudi, akakuta mashirika ya ndege yameambiwa yasimpakie. Na bwana Matiang'i? Januari 2019 alipewa kazi ya kusimamia miradi ya maendeleo ya wizara zote. Kudharau mahakama kumbe ni sifa kwenye wasifu wa kazi.

Naanza na huyo makusudi, kwa sababu Miguna si mhamiaji. Kazaliwa Kenya. Serikali ilidai kwamba alipochukua uraia wa Kanada zamani zile alijivua wa Kenya, ingawa Katiba ya 2010 inasema mzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine. Mwaka 2018 alimwapisha Raila Odinga pale Uhuru Park kuwa "rais wa wananchi", na wiki moja baadaye akageuka mgeni. Wale mnaosema habari za wahamiaji haziwahusu, someni hapo mara mbili. Mashine iliyotengenezwa kumfukuza Msomali wa Eastleigh ilifanya kazi vizuri tu kwa mwenye nchi.

Sasa swali lenyewe. Mahakama inaweza kumlinda mgeni serikali inapoamua kujitanua? Kuna makundi mawili yanayonichosha kwenye mjadala huu. La kwanza ni la wale wanaojibu "mahakama zenyewe za nani bwana" halafu wanaendelea na soda. La pili ni la wanasheria na watu wa asasi wanaojibu kwa kutaja vifungu, kana kwamba kifungu kina mikono ya kumshika mtu asipandishwe ndege. Wote wawili wanakosea, na Kenya ndiyo inayowaumbua, kwa sababu katika ukanda wetu huu hakuna nchi ambayo majaji wake wameliingia jambo hili mara nyingi kama kule.

Tuanze na wenye soda.

Desemba 2012 Idara ya Wakimbizi ya Kenya ilitangaza kwamba wakimbizi wote waliokuwa wakiishi mijini wahamie makambini: Wasomali Dadaab, wengine Kakuma. Usajili mijini usimame. Hawa ni watu waliokuwa na maduka, watoto shuleni, wengine na maradhi yanayotibiwa Nairobi tu. Kituo cha Sheria na wakimbizi wenyewe wakaenda Mahakama Kuu. Mwezi uliofuata amri ya muda ikasimamisha zoezi. Tarehe 26 Julai 2013 Jaji David Majanja akalitupa tangazo lote. Hoja yake mtu yeyote anaweza kuielewa: serikali ikitaka kuwahamisha watu kwa jina la usalama lazima ioneshe kuhamishwa kwa hawa hasa kunahusianaje na huo usalama. Kutaja neno tu hakutoshi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono.

Desemba 2014 Bunge la Kenya, lile lililopigana ngumi ukumbini, likapitisha sheria ya usalama yenye kifungu cha ajabu: idadi ya wakimbizi nchini isizidi 150,000. Wakati huo walikuwa zaidi ya nusu milioni. Fanya hesabu mwenyewe. Wengine wangepelekwa wapi, baharini? Februari 2015 majaji watano walikifuta kifungu hicho, kwa sababu huwezi kuweka ukomo wa namba bila kuwarudisha watu kwenye mdomo wa mamba waliomkimbia.

Mei 2016 serikali ikatangaza Dadaab inafungwa. Kambi imekuwapo tangu 1991, kuna watu wamezaliwa humo, wakaoa humo, wakazaa humo. Tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo akasema uamuzi ule ni batili na ni wa kibaguzi, maana uliwalenga Wasomali kama kundi badala ya kumtafuta mkosaji mmoja mmoja. Zaidi ya watu 200,000 walibaki walipokuwa. Machi 2021 serikali ikarudi tena, ikalipa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa siku 14 lilete mpango wa kufunga Dadaab na Kakuma. Aprili Mahakama Kuu ikasimamisha. Kambi zikabaki.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye soda, usiniambie mahakama ni kiini macho. Watu laki kadhaa hawakusukumwa kuvuka mpaka kwa sababu majaji wa Nairobi walisema hapana, na serikali, kwa kununa na kulalamika, ikatii.

Lakini ikatii nini? Hapo ndipo nawageukia wa kundi la pili.

Angalia hizo kesi zilizoshinda zina nini cha kufanana. Tangazo lilitolewa hadharani. Lilihusu maelfu. Utekelezaji wake ungechukua miezi, ungehitaji malori, mahema, fedha za wafadhili. Kambi ya watu laki mbili huipakii kwenye ndege usiku mmoja. Jaji alikuwa na muda wa kusoma, wanasheria walikuwa na muda wa kuandika, na yule mtu anayebishaniwa alikuwa bado yupo nchini siku ya hukumu. Ukiondoa muda huo, ukabaki na mtu mmoja, gari lisilo na namba na saa nane za usiku, mahakama ile ile yenye majaji wale wale inakuwa kama duka lililofungwa.

Mifano ipo, tena ya kutosha. Januari na Februari 2007, watu waliokuwa wakikimbia vita Somalia walikamatwa mpakani Kenya. Zaidi ya 80 walipakiwa kwenye ndege tatu na kupelekwa Somalia, na wengi wakaishia jela za Ethiopia. Mawakili walikuwa Nairobi wakiomba mahakama iamuru waletwe. Orodha za abiria za ndege zile zikaja kuonekana mahakamani. Majina yapo, watu hawapo! Mwaka 2010, baada ya mabomu ya Kampala ya Julai, Wakenya walichukuliwa na kukabidhiwa Uganda bila taratibu za sheria za kumhamisha mtuhumiwa. Septemba mwaka ule Mahakama Kuu ilisema wazi kwamba kumpeleka mtu namna hiyo ni kuvunja sheria. Sawa. Ila mtu alikuwa Uganda.

Halafu Oktoba 2024. Raia saba wa Uturuki walitekwa Nairobi mchana kweupe tarehe 18. Siku tatu baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikakiri kwamba wanne wamerudishwa Uturuki kwa ombi la serikali ya huko. Walikuwa na hifadhi ya ukimbizi. Yaani kile kitu chenyewe ambacho sheria ya wakimbizi imeandikwa kukizuia, kumrudisha mtu mikononi mwa anayemwogopa, kilifanyika kabla karani wa mahakama hajagonga muhuri wa kupokea maombi. Mwezi uliofuata mwanasiasa wa Uganda, Kizza Besigye, akatoweka Nairobi na kuibukia mahakama ya kijeshi Kampala. Nairobi, mji wenye katiba inayosifiwa Afrika nzima.

Na kuna jambo jingine ambalo wenzetu wa vifungu hawapendi kulisema. Majaji nao ni watu, wanasikiliza redio. Machi 2014, miezi sita baada ya shambulio la Westgate lililoua watu 67, waziri Joseph ole Lenku alitoa amri ile ile ya wakimbizi kurudi makambini. Aprili polisi wakamwagika Eastleigh, maelfu wakakamatwa, uwanja wa michezo wa Kasarani ukageuzwa mahali pa kuwachambua watu kama mchele. Kesi ikafunguliwa, ikafika mbele ya Jaji Majanja yule yule wa 2013. Safari hii, mwishoni mwa Juni, walalamikaji wakashindwa. Jaji aliona mazingira ya usalama yamebadilika. Simtukani, hukumu ya kwanza ilikuwa ya ujasiri na ya pili ilikuwa na hoja zake. Lakini mkimbizi wa Eastleigh aliyekuwa na kinga Julai na hana kinga Juni inayofuata afanye nini? Yeye hakubadilika. Hofu ya mji ndiyo iliyobadilika.

Najua mtakaloniambia. Westgate. Garissa, Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi. Damu ya kweli. Sina jibu la kejeli kwa mama aliyempoteza mwanae pale. Ninachosema ni kwamba muuaji ana jina, na mwenye jina hushtakiwa. Ukimpata na ushahidi, mfikishe kizimbani, mfunge. Kumfukuza mtu nchini bila kumshtaki ni kukiri kwamba ushahidi huna, na kama kweli ni gaidi umemwachia akasumbue kwingine. Huo ni usalama wa nani?

Haya, turudi nyumbani, maana mpaka hapa Mtanzania anajifuta mdomo akidhani anasimuliwa ya jirani.

Sisi hata hatujafika pa kulalamika kuhusu faini za laki mbili. Mwaka 2001 serikali yetu ilimtangaza Jenerali Ulimwengu, mwandishi mkongwe na mbunge wa zamani, kwamba si raia. Mhariri aliyekuwa akiwasema wakubwa kwenye magazeti akajikuta anaomba uraia wa nchi aliyoitumikia. (Kwa sisi tunaoishi kwa kalamu, somo lilieleweka bila mkalimani.) Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ilimpa waziri uamuzi wa mwisho: halazimiki kutoa sababu na uamuzi wake haupitiwi na mahakama yoyote. Mahakama yoyote! Kule Kenya jaji anadharauliwa. Hapa kwetu sheria ilimwambia jaji asijisumbue kuja.

Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga. Rais Kikwete akiwa Kagera alitoa wiki mbili kwa wahamiaji haramu waondoke. Makumi ya maelfu wakavuka kwenda Rwanda, Burundi na Uganda, wakiwamo waliokuwa wameishi Karagwe na Ngara kwa miongo, wenye wake na waume Watanzania. Ng'ombe wakabaki, migomba ikabaki. Waliokuwa wakiamua nani ni nani walikuwa polisi, wanajeshi na maofisa uhamiaji, na kipimo mara nyingi kilikuwa lafudhi na urefu wa pua. Na hili neno "haramu" nalo tuliache siku moja. Kibali kimeisha muda ni kibali kilichoisha muda. Binadamu haharamishwi na tarehe.

Kuna kesi moja ambayo kila mwanafunzi wa sheria Mlimani angepaswa kuijua. Mtu mmoja alikwenda polisi Babati mwaka 2012 kufuata taratibu za ndoa yake. Ndoa, jamani! Wakatilia shaka uraia wake, wakashika pasipoti. Septemba 2014 akafukuzwa kupelekwa Kenya. Kenya wakasema huyu si wetu, wakamrudisha. Tanzania nayo ikakataa kumpokea. Akaishi pale Sirari, kwenye kipande cha ardhi kati ya vizuizi viwili, ambako si Kenya wala si Tanzania. Miaka. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikasema Tanzania ilimnyang'anya uraia kiholela, ilimfukuza kiholela, na ilimnyima nafasi ya kusikilizwa. Ikasema serikali ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kwamba mtu aliyekuwa raia si raia, na kama ilitilia shaka wazazi wake, kipimo cha vinasaba kipo. Ikaagiza sheria irekebishwe ili uamuzi kama ule uweze kupingwa mahakamani.

Mahakama hiyo makao yake yako Arusha. Tumewapa ardhi, tunawauzia nyama choma. Novemba 2019 serikali ya Tanzania ikawasilisha barua ya kujitoa kwenye tamko linalomruhusu mwananchi na asasi kufungua kesi pale moja kwa moja. Mwaka mmoja baadaye ikaanza kufanya kazi. Hapo hukumu ya jaji haikudharauliwa. Mlango wa jaji ndio uliopigwa msumari. Mbinu hii ni mbaya kuliko ya Nairobi kwa sababu haipigi kelele. Hakuna picha ya mtu anaburutwa uwanja wa ndege.

Picha tulizipata Mei 2025, hata hivyo. Martha Karua na Jaji Mkuu wa zamani Willy Mutunga walizuiwa kuingia Dar walipokuja kufuatilia kesi ya uhaini ya Tundu Lissu. Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda waliingia, wakakamatwa, siku kadhaa wakawa hawajulikani walipo, kisha mmoja akaonekana Ukunda upande wa Kenya na mwingine akatupwa mpakani Mutukula. Wote walisema waliteswa. Wangeshtakiwa kwa lolote, hata kwa kutembea vibaya, wangekuwa na hakimu, wakili na tarehe ya kesi. Hawakushtakiwa.

Inachekesha kwa uchungu, maana sheria ya Jumuiya kuhusu jambo hili haina utata. Aprili 2011 wakili Mkenya, Samuel Mohochi, alizuiwa Entebbe akiwa na msafara wa wanasheria waliokwenda kuonana na Jaji Mkuu wa Uganda. Wenzake wakapita, yeye akarudishwa bila kuelezwa sababu. Mei 2013 Mahakama ya Afrika Mashariki ikasema Uganda ilivunja Mkataba wa Jumuiya: huwezi kumrudisha raia wa nchi mwanachama kimya kimya, bila sababu na bila kumsikiliza. Miaka 12 kabla ya Karua kugeuzwa pale Julius Nyerere! Na mahakama hiyo nayo iko wapi? Arusha.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na mnaotaka kunipinga karibuni. Mahakama inaweza kumlinda mgeni pale tu inapotangulia. Ikifuata nyuma inaandika historia tu. Sheria zetu zimepangwa kinyume: serikali inafukuza kwanza, mgeni akiweza atashtaki baadaye, akiwa Mogadishu au Istanbul, bila simu, bila wakili. Geuzeni. Asifukuzwe mtu yeyote mpaka hakimu awe amemwona kwa macho yake na kutia saini. Siyo kupewa jalada, amwone. Serikali ndiyo iende mahakamani kuomba ruhusa, kama inavyotakiwa iende kuomba hati ya kupekua nyumba.

Mtasema foleni. Foleni gani? Tuna mahakimu wa zamu kwa ajili ya wezi wa kuku. Weka mmoja Julius Nyerere, mmoja Namanga, mmoja Mutukula, mmoja Sirari. Shirika la ndege litakalompakia mtu anayefukuzwa bila karatasi yenye saini hiyo lilipe, tena lilipe za kuuma, maana rubani ni mtu pekee kwenye mnyororo ule ambaye hapandishwi cheo na waziri. Mashirika tayari yanakagua viza kwa bidii kwa kuogopa faini. Yatajifunza na hili haraka tu.

Na zile laki mbili? Ofisa aliyekaidi amri ya jaji asiguse tena ofisi ya umma mpaka mtu aliyemfukuza awe amerudishwa, kwa nauli ya huyo ofisa. Dubai kwenda Nairobi si mbali.